Lisemwalo

Gari lilikutwa ziwani, juu ya barafu, mlango wazi,
redio ikisoma hali ya hewa.
Tangu Januari, pale kituo cha mafuta
vinywa havifungwi ila kwa kahawa.

Tarmo kamwona Uswidi, kakata nywele.
Muuza tikiti aapa: ni madeni.
Mwalimu mstaafu akoroga kikombe, hasemi,
na kimya chake nacho kimeshanukuliwa hadi Oulu.

Lisemwalo lipo; kama halipo, laja.
Basi Aulikki mbona haji?

Mamaye hana lake la kusema.
Kila alfajiri huondoa theluji mlangoni pa bintiye,
njia ya upana wa mtu mmoja,
halafu hugeuka kutazama nyayo:
zake za kwenda,
zake za kurudi,
na mburuzo wa koleo katikati.