Rangi ya Manyoya

Siku ya chanjo, uwanja wa shule, Newala.
Ukungu wa Juni haujaamua kuondoka.
Mbwa mia mbili na kumi na mmoja wameshapita mikononi mwangu
kwa kamba za katani, kwa minyororo ya baiskeli,
mmoja ndani ya gunia la korosho, kichwa nje, kama bwana harusi.
Kisha akaja Somoe Mchopa na kitu alichokifunga kwa kanga.
Akakifungua.

Jina la mbwa? Waseme.
Jina la mwenye mbwa? Si mimi hapa.
Rangi ya manyoya?
Foleni ikacheka mpaka mwisho wake. Kalamu yangu ikasimama.

Ngozi ya kijivu, jivu lililolala na umande,
mabaka mekundu tumboni,
kishungi utosini kama nyasi aliyoisahau mpaliliaji,
na kinywani, nilipompanua, mapengo.
"Mama yake ana manyoya," Somoe akasema.
"Ndugu zake watatu wana manyoya. Huyu alikuja hivi."

Hapo kila mtu akawa mwanahistoria.

Mkumba wa mashine ya kusaga:
mama yake alilamba mafuta ya ganda la korosho akiwa na mimba.
Yale yanababua mkono wa mtu mzima,
sembuse unywele ambao haujaota.

Likwata fundi cherehani: wapi!
Hiyo mbegu ya Wazungu wa karanga, Nachingwea,
walikuja na matrekta na mbwa wa ajabu,
karanga zikawakatalia, wakaenda zao,
mbegu ikabaki vichakani.

Mama mmoja wa nyuma, jina sikulipata:
ilivuka Ruvuma mwaka wa vita, usiku, kifuani mwa mtu,
haikubweka. Ndiyo maana ipo.

Mtoto wa darasa la tatu: kanyolewa.

Chuoni Mpwapwa mwalimu alitugusia mara moja, nje ya mtihani:
kule Meksiko walizika wafu wao na mbwa wa udongo,
wanono, uchi, masikio juu.
Wengine huitwa wa Kichina, na Uchina penyewe
hakuna mwenye hakika kama ndiko walikotoka.
Wako wanaonyoosha kidole Afrika,
kidole kinene, hakitaji kijiji.
Kisha akasema neno ambalo sikuliandika, wala halijanitoka:
uchi huu hurithiwa upande mmoja tu.
Anayeupata kwa baba na kwa mama pia
hazaliwi.
Basi kila mbwa uchi aliyewahi kukanyaga ardhi
nusu yake ni manyoya.

Haya nilitaka kumweleza Somoe.
Yeye alikuwa ananieleza goti.
La kushoto. Baridi ya huku juu hulianza Mei,
vidonge vya hospitali vimekwisha,
Waseme hulala juu yake, ana joto kama chupa ya chai.
"Na udhu je?" mtu akachokoza.
"Mkavu kwa mkavu hakuna najisi.
Akinilamba, maji ninayo, udongo ninao,
na kuhesabu hadi saba najua."

Nikachoma. Sindano haikutafuta njia.
Hakulia. Alitetemeka kidogo,
nikaona mishipa yake yote, kama ramani isiyo na majina,
nikamfunika kwa kanga kabla mwenyewe hajamfunika.

Jinsia: dume.
Umri: miaka miwili na msimu mmoja wa korosho.
Asili: Newala.
Rangi ya manyoya: ya mama yake.

Kadi imerudishwa wiki hii kutoka wilayani,
wino mwekundu, maneno mawili:
Jaza upya.

Sijajaza.
Nimeiweka chini ya kikombe cha chai,
inapata joto.