Kifundo Si Mfereji

Miezi mitatu nilikizungusha kifundo hiki
kama mfereji wa uani kwetu Mtongwe:
kukaza ni kuweka akiba, kulegeza ni kumwaga.
Nani angenilaumu? Karani Dzombo
huandika kila mtungi kwenye daftari lake la buluu,
na Jumamosi mtungi hugeuka shilingi
zinazotoka kwangu, si kwake.

Basi nilikaza.
Nilishuka chini ya tumbo la meli pale Kilindini
na kikwaruzo changu, kukwangua kome na mwani,
maji rangi ya chai ya maziwa,
na kila pumzi nikiivuta
kama mtoto anyonyaye barafu ya ukwaju
ambayo bado haijayeyuka.
Nikipanda juu, kichwa kinagonga kama karakana,
na geji, hasidi huyo, imeshuka
kuliko za wenzangu wote.

Nikampelekea Umazi.
Ana meza moja Mbaraki, nyuma ya duka la betri,
taa, kikombe cha siki,
na bisibisi ambazo haazimi mtu hata akilia.
Alikifungua kidhibiti juu ya taulo jeupe
mithili ya mtu anayechambua mchele wa harusi.

"Tazama. Hiki ni kiwambo.
Ukivuta, kinabonyea; kikibonyea, kinasukuma wenzo huu,
wenzo unafungua vali, hewa inakuja.
Nyuma ya vali pana springi.
Kifundo chako kinaibana springi, basi.
Hakigusi kiasi. Kinagusa ugumu wa kubisha hodi."

Hodi.
Neno hilo likanikaa.

"Mlango ni ule ule, na ndani mna hewa ile ile.
Ukilegeza, unabisha kwa ukucha.
Wewe mchana kutwa wabisha kwa bega,
halafu unashangaa kwamba unahema?"

Kando palikuwa na kiwiko cha plastiki,
alama ya kutoa, alama ya kujumlisha.
Sikuwahi kukigusa; nilidhani pambo.
Kumbe ni bawabu wa upepo:
ukiwa juu bado, unapiga gumzo, mashine haimo kinywani,
mweke kwenye kutoa, isije ikafoka yenyewe
ikamwaga mtungi mzima mbele ya Dzombo.
Ukishazama, mpeleke kwenye kujumlisha,
hewa ikianza kuja ijivute kwa wepesi wake.

"Na skrubu hii ya ndani?"
"Hiyo ni yangu." Akaifunika kwa kiganja.

Kisha kipimo: legeza, legeza,
mpaka uisikie ikinong'ona, ssss,
halafu rudi kidogo, mpaka inyamaze.
Hapo hapo.
Na mkondo ukikupiga usoni, kaza robo, usione haya.

Jumanne nilishuka tena, meli ya ngano.
Pumzi ikaja kabla sijaiomba vizuri.
Wallahi niliogopa,
kama mtu aliyezoea kupewa kwa masimango
akapewa kwa mkono wa kulia, bila neno.
Vidole vikaenda vyenyewe kwenye kifundo, kukaza.
Nikavirudisha.
Nikakwangua. Nikavuta. Nikatoa.

Dzombo aliisoma geji mara mbili,
akaipiga kwa ukucha, akaisoma tena.
"Leo ulilala huko chini?"

Sikumjibu. Nilikuwa nikivua glavu,
na kichwa changu, mara ya kwanza tangu Machi,
kilikuwa kichwa tu.