Mlango wa Uani

Barua ya Unguja ilisema: mashine pepe mpya,
nyepesi, haili kumbukumbu kama ile ya zamani,
na programu zenu zote zitakwenda kama zilivyo.
"Kama zilivyo" ilipigwa mstari.
Nikaiweka Ijumaa baada ya sala, hospitali ya Wete ikiwa kimya,
nikaona taa ya kijani, nikafunga ofisi,
nikapita Bopwe kununua mkate wa mofa.

Jumamosi, saa moja na robo, Mize wa maabara akanipigia.
Hakunisalimu.
"Majibu hayatoki. Na orodha imevurugika:
aliyefika wa kwanza yuko wa tisa,
mtoto wa jana kakaa juu ya leo."

Miaka kumi na moja majina yalijipanga kwa kufika,
nasi tukadhani ni sheria.
Nilipofungua vitabu vya mashine nikakuta
hakuna popote palipoahidiwa mpangilio huo.
Ile ya kale iliyatoa hivyo kwa tabia yake tu,
kama jirani akuleteaye maziwa kila asubuhi
mpaka ukaacha kununua maziwa.
Mpya haikuvunja ahadi.
Haikuwa na ahadi ya kuvunja.
Mazoea yana taabu,
na taabu ile ilikaa kwenye benchi la mbao, imeshika kadi.

Hilo la orodha nililimaliza kwa mstari mmoja.
La majibu lilinipeleka ndani.

Kiunzi tulichojengea mfumo huu
alikichagua Hamad Shoka, akakitia na mkono wake,
kabla hajakwenda Maskati na kutuachia neno la siri
kwenye kipande cha boksi la dawa.
Kiunzi hiki hakijapata kupiga hodi.
Kilikuwa kikizunguka nyuma ya mashine,
kikisukuma mlango wa uani, kikiingia jikoni,
kikifunua chungu, kikichota
vitu ambavyo mwenye nyumba hakumwekea mgeni.
Na ile ya kale ilikuwa mama asiyefunga:
wale ni watu wa ndani, waacheni.

Mpya imetia komeo.
Ina ukumbi, ina baraza lililofagiwa,
cha kutoa chote kiko mbele, kwa jina lake,
na ukipita nyuma inakuuliza wewe nani.
Siwezi kusema imekosea.
Nami kwangu nafunga.

Katika faili la mia nne na kitu nikaikuta sauti ya Hamad,
yale maandishi ambayo mashine huyaruka:
"Najua si adabu. Lakini mbele hapakuwa na mlango."
Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza,
maana ilikuwa kweli. Miaka ile
nyumba ilikuwa na uani kabla ya kuwa na ukumbi.

Mize akaja mwenyewe, glavu mfukoni.
Wodi ya wazazi wanataka kundi la damu la Time binti Faki,
"sasa hivi, si ukishamaliza kufikiri."
Akaandika kwa kalamu ya bluu: B chanya, saa nne na dakika kumi,
akatia saini, akatoka mbio.
Karatasi haikumuuliza toleo.

Nikafanya lile ambalo kila mtu hulifanya.
Mashine mpya ina neno la kulilegeza komeo:
unataja chumba, unamtaja anayeingia,
nayo hukubali huku inanung'unika.
Nikaliandika. Majibu yakatoka arobaini na mawili kwa mkupuo,
printa ikaishiwa karatasi,
na kwenye kioo, kwa herufi za njano:
leo nimeruhusu, toleo lijalo sitaruhusu.

Unguja wakapiga simu. Nikawaambia inakwenda.
"Kama ilivyo?"
Nikasema, inakwenda.

Tangu siku hiyo nahamisha vyombo,
kutoka jikoni kuja ukumbini, usiku, kimoja kimoja.
Viko mia mbili na kumi na sita.
Nimehamisha saba.
Mstari wa Hamad sijaufuta.
Chini yake nimeandika tarehe tu.