Ufa wa Gogo

Gogo la mkaratusi halikuwa na haraka nami.
Nililipiga mara tisa. Ya kumi, shoka likanasa,
nami nikabaki nimeinama pale Igombe
nikivuta mpini kama anayemburuta ndama asiyetaka kutoka zizini.
Bega la kulia lilikuwa limekwisha kuniaga.

Bi Nkwimba alikuwa akipanga sangara kwenye chanja.
Alinitazama weee, akafuta mikono kwenye kanga.
"Unapasua kuni, au unalipa kisasi?"

Akaja akivingirisha tairi la Fuso,
lililochoshwa na mawe ya njia ya Kayenze,
akalilaza juu ya kisiki,
akasimamisha gogo ndani kama mtoto kwenye beseni.
"Sasa halianguki. Hutainama kila dakika
kuokota vipande, unadonoa kama kuku.
Mgongo ni akiba. Usiitumie kwa vitu vya bure."

Kisha akalisoma.
Kidole kikapita palipokatwa na msumeno,
pale jua la wiki tatu lilipochora nyota ya nyufa
kutoka moyoni hadi kwenye ganda.
"Ufa wa nyumba huzibwa, mwanangu.
Ufa wa gogo hufuatwa."

Mama yule ni mfupi, shoka linamfika kiunoni.
Hakulizungusha
kama vijana wa mwaloni wanaotaka kutazamwa.
Miguu aliitanua upana wa mlango,
akainua; mkono wa juu ukateleza kwenye mpini
kumfuata mwenzake,
magoti yakalegea,
na chuma kikashuka chenyewe
kama kinachorudi kwao.
Pa!
Moyo wa gogo hakuugusa. Alianzia ukingoni,
akazunguka, akamenya,
na vipande vikabaki wima ndani ya tairi,
bado havijajua kwamba vimeachana.

"Na hili?" Nikamwonyesha lenye fundo,
nyuzi zake zimejisokota kama nywele za aliyelala vibaya.
Akacheka.
"Mwenye fundo humpigi. Humwezi, na shoka utalivunja.
Mweke pembeni.
Huyo atakesha na samaki usiku, anaungua taratibu."

Nikamkumbuka Masalu, ndugu yangu,
na mashine ya boti tuliyoigombania,
miaka miwili nampiga palepale,
katikati,
kwa nguvu zangu zote.
Sikusema kitu. Nililenga ufa.

La kwanza nilikosea, nikakata mpira.
La pili likalia, likagoma.
La tatu likafunguka kwa pigo moja,
harufu ikapanda puani kama dawa ya mafua,
na Bi Nkwimba, bila kugeuka, akasema, "Enhe."

Usiku ule niliweza kuinua mkono
kuvua shati.
Nje, chini ya chanja,
lile lenye fundo lilikuwa jekundu bado,
halijapungua hata robo.