Breki ya Mama

Kabla gari halijapinda pale kinu cha kusaga Chavakali
mama amekwisha kubandika chai.
"Huyo Kegode," husema, macho yangali kwenye ungo wa mchele.
"Hajui kama gia ya pili ipo."

Kegode ana Subaru ya buluu, ekzosi pana kama kopo la maziwa.
Hutoka Nakuru saa nne usiku
na hutusimulia safari kwa dakika:
Londiani hadi Ahero, dakika kadhaa wa kadhaa.
Muulize chai ya Kericho ilikuwa imechumwa au bado,
atakutajia namba ya lori lililomzuia.

Minayo ni muuguzi. Vitz yake nyeupe
viti vimevishwa vitambaa vya kufuma.
Huwasha indiketa akiingia langoni petu,
na shahidi ni kuku mmoja na mgomba.
Sitini. Barabara ikiwa tupu kama kanisa Jumatatu, sitini.
Trekta za miwa humpigia honi zikimpita.
"Wenye haraka huwa nawapokea wodini," husema,
na mazungumzo huishia hapo.

Probox ya Adema, mlango wake umefungwa kwa kamba ya katani.
Huipapasa dashibodi kama ng'ombe anayegoma kukamuliwa.
Hununua petroli ya mia mbili hapa, ya mia mbili Luanda,
na humsimamia kila anayeinua mkono:
mama wa kanisa, godoro, fundi na ngazi yake.
Ukipanda naye asubuhi kwenda Mbale
beba chakula cha mchana.

Mimi sina gari. Mtihani wa udereva nimeuanguka mara tatu,
ya mwisho nikarudi nyuma hadi kwenye maua ya mkuu wa kituo.
Kwa hiyo nimekalia viti vyao vyote. Najua.

Baba alikuwa na Pijo rangi ya krimu.
Sasa imekaa juu ya mawe nyuma ya jikoni,
kuku wanatagia kiti cha nyuma.
Akifika Kiboswa, mteremko ukifunguka kuelekea Kisumu,
aliitoa gia, akaiacha ijiendee.
"Huu mlima Mungu ameshaulipia," alisema,
"mimi nilipe tena ya nini?"
Mama alishika mlango kwa mikono miwili,
mguu wa kulia ukakanyaga breki ambayo haikuwepo.
Miaka thelathini.
Zulia la upande wake lilitoboka kabla ya lile la dereva.

Breki hiyo alihamia nayo magari ya wanawe.
Kwa Kegode huikanyaga kwa nguvu, kwa Adema kwa mazoea,
na hata kwa Minayo, kwenye sitini, niliuona
ule mguu ukitafuta.

Machi hii tukampeleka kutolewa mtoto wa jicho.
Magari matatu uani, ugomvi mmoja.
"Mtafika kliniki imefungwa," Kegode akanuna.
Adema akatia jogoo butini, la daktari.
Mama akapanda kwa Minayo. Mimi nyuma, na faili na chupa ya chai.

Tulipomaliza Kiboswa, mama akauliza, "Ziwa limetokea?"
"Limetokea."
Lilikuwa chini kule, bati jipya juani, yeye haoni ila ukungu.
Minayo akatazama kioo. Nyuma hapakuwa na mtu.
Nikauona mkono wake, huo unaopima dawa kwa matone,
ukisukuma gia polepole hadi frii.

Injini ikashusha pumzi.
Sitini. Sabini. Themanini na kitu.
Upepo ukaingia, jogoo akanyamaza.
Nikainama kuutazama mguu wa mama:
umetulia juu ya zulia, kiatu kimevuliwa.

Hakuna aliyesema neno hadi tuta la kwanza la Mamboleo.
Hapo Minayo akarudisha gia, akakohoa,
akawasha indiketa,
na hatukuwa tunapinda popote.