Daftari la Stoo

Wamekuja wa Kamati ya Historia, watatu, viatu vinang'aa,
wanataka tarehe.
Lini hasa tuliitwa chuo kikuu? Nani alikata utepe?
Picha zipo? Za rangi?
Nikawaambia, mimi mtunza stoo, tarehe zangu ni za spana.

Hili hapa. Jalada la ngozi, mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia.
Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wa Sharifu Mbwarali,
herufi zimeinama kama watu wanaosukuma mkokoteni:
tupa bapa moja, tindo sita, fuawe moja, limepasuka pembe.
Ndivyo tulivyoanza, mabwana: kwa fuawe lililopasuka pembe,
banda la mabati hapa Tudor,
jua la saa saba likipika vichwa vya wavulana ishirini na mmoja
waliotakiwa wajue kuponya injini za meli za wengine.

Kibao cha langoni nakijua kwa rangi.
Siku kilipong'olewa nilikiparua kwa ukucha:
kijani, chini yake maziwa, chini yake wekundu wa matofali,
na kila rangi jina lake.
Shule ya ufundi. Taasisi. Chuo kishiriki.
Kisha hili refu, la Uhandisi na Madini,
ambalo halienei kwenye muhuri wangu.
Kerezo halikupewa habari. Lilikereza tu.

Mwaka wa bendera mpya, Kalume wa Jomvu aliazima timazi.
Hakurudisha. Pembeni, kwa wino mwekundu: adaiwa.

Fundi Jivanji alirudisha bikari ya shaba usiku wa kuamkia safari,
na kikaratasi: mnisamehe hizo alama,
ni meno ya mwanangu, alikuwa anaota la kwanza.
Zingalipo. Wanafunzi huuliza, ni kipimo gani hiki?

Mwaka wa mgomo, koleo moja.
Asubuhi yake seng'enge ya uani imekatwa, na mkuu wa chuo ametorokea Nyali.
Sababu ya kuazima, kaandika: kazi ya vitendo.
Nami nikatia sahihi.

Idara ya migodi iliingia na masanduku manane ya mawe
na chupa ya jemu yenye mchanga mweusi wa Kwale.
Mchanga wenyewe ulikuwa ukipakiwa Likoni, meli baada ya meli;
sisi tulibaki na wa chupa, umebandikwa: usiguse.
Darasa la kwanza, vijana thelathini na Wakesho Mkandoe,
mtoto wa Taita, sauti ndogo, buti za kiume.
Aliazima helmeti na taa ya kichwa.
Sababu, nikamwambia, jaza hapo, usiache wazi.
Akaandika: Baba alishuka bila.

Daftari lina safu ya jina, ya zana, ya siku ya kurudisha.
Halina safu ya kumjibu mtu.
Helmeti ilirudi Ijumaa, imeoshwa,
ukosi wa ndani bado una chumvi.

Sasa wameleta kompyuta, na fomu ya kufuta madeni.
Mfumo mpya haupokei wadaiwa waliokufa,
anasema kijana wa tai, na anasema kwa adabu.
Basi nimefuta. Tindo tatu, futa.
Koleo la mgomo, futa, tena kwa furaha.
Msumeno wa Sharifu mwenyewe, Mungu amrehemu, futa.

Nimefika kwenye timazi.
Kuna ghorofa Mwembe Tayari, nikipita huinua shingo.
Majirani zake wote wameegemeana kama walevi;
hiyo imesimama wima, rangi imebabuka, wima,
na jina la aliyejenga liko juu ya mlango, kwenye saruji.
Sikufuta.
Kijana akauliza, mama, hii nayo si imepotea?
Haijapotea, nikamwambia. Iko kazini.

Saa kumi nafunga.
Anayetaka spana aje kesho, na aje na kitambulisho.