Kichakataji cha Kumi

Usiku wa Januari, Tartu. Nje ni digrii ishirini chini ya sifuri,
mto Emajõgi umelala chali chini ya barafu,
na mimi, soksi juu ya soksi, napika.

Mchele ni mmoja: msimbo uleule, herufi kwa herufi.
Mafiga ndiyo kumi.
Kichakataji hiki cha simu, kipole, hakili umeme mwingi;
kile cha seva kina tumbo la ndovu.
Mfumo huu unataka faili zikae hapa, ule pale,
wa tatu haukufungulii mlango mpaka uuoneshe saini.
Kila kifurushi nakifunga kwa jina lake,
toleo lake, vitegemezi vyake,
nani amtangulie nani kuingia,
kama wakwe kwenye harusi ya watu wenye visirani.

Saa saba na dakika kumi skrini inajibu:
kijani, kijani, kijani,
mara tisa.
Cha kumi, chekundu.

Ni kile kizee.
Kilichozaliwa kabla sijaota meno,
kisomacho namba kwa kuanzia kichwani
ilhali wenziwe wote huanzia mkiani,
na hakijapata kuomba radhi kwa hilo.

Urmo wa dawati la pili alishasema:
"Kifute orodhani. Nani bado anacho?
Kulea maiti ni kuchoma umeme."
Nikaandika mstari wa kukizika.
Kidole juu ya kitufe, nikaona kwanza nichemshe chai.

Chai haijachemka, ikaingia barua
kutoka Klaksvík, visiwa vya Faroe,
Kiingereza cha kuungaunga kama changu:

"Mimi Rannvá. Nina mashine ya kufumia sweta,
mama aliinunua mwaka niliobatizwa.
Ubongo wake ni wa zamani, ndiyo, najua.
Tangu toleo lenu la Novemba
nyota za kifuani zinatoka zimepasuka,
nusu ya kulia imehamia kushoto.
Nimefumua sweta kumi na moja.
Sufu haipendi kufumuliwa."

Na picha: sweta ya kijivu mezani, kando ya kikombe,
nyota imekatwa katikati, vipande vimebadilishana viti.

Novemba.
Novemba niliuona wekundu huuhuu.
Nikaandika *puuza*, nikapitisha kifurushi, nikaenda kulala.
Miezi miwili taa ikinambia kwa namba,
sikusikia hadi iliponambia kwa sufu.

Mstari wa mia nne na tatu:
mtu kachukua baiti mbili, kazitia mfukoni
bila kuuliza ipi hutangulia.
Kumbukumbu haifichi jina la mtu.
Ni mimi.

Kurekebisha, dakika nne.
Kujenga upya, hapo ndipo penye kazi:
kizee chenyewe kiko kabatini, chini ya makoti,
kinakohoa feni,
kinachukua masaa matatu kwa jambo
ambalo wenziwe humaliza kabla sijapiga chafya.
Nikakaa nacho. Nikafungua mlango wa kabati
kikapata hewa, nami nikapata joto lake miguuni.

Saa mbili asubuhi, bado giza, Urmo akaingia
na theluji mabegani. Akaitazama skrini:
vijani kumi, safu moja.
"Umeme," akasema.
Akatundika koti lake mahali pengine.

Jibu la Rannvá lilifika mchana, maneno mawili:
*Imesakinika. Nyota.*

Mstari wa kukizika sijautuma, wala sijaufuta.
Uko kwenye faili moja na orodha yangu ya dukani:
maziwa, betri, soksi.